Kidole Kilichomujibu Kabera

Njooni karibu, watoto yangu, na wewe Gentille shika telefone hapa ku mudomo wangu, sababu Yves iko mbali, ku kijiji ya Mpofi, na ninataka asikie wosia huu kwa sauti yangu, si kwa kuambiwa. Kifua kinabana, lakini kichwa iko sawa. Imeanza kushika sauti? Ni kale kamustari kanachezacheza? Basi, kacheze.

Ng'ombe mukubwa ni wa Damien. Shamba ya maharagi huku Kashuga ni ya Gentille, muntu asimubishie hata kama ameolewa. Yves, fimbo na redio ya baba yenu ni zako. Ndama jike si wa kwetu, atarudi kwa aliyetupa mama yake, baba yenu mudogo Kabera, ambaye jina yake haijatajwa mu nyumba hii tangu miaka mbili.

Munajua ilivyoanza. Vita ilikula ng'ombe yetu yote, na Kabera akatutolea mutamba kule Kitshanga. Akaweka picha mu grupe ya WhatsApp ya familia, na sauti: "Huyu ni wa watoto ya kaka yangu, wanywe maziwa." Jibu lililotoka ku telefone ya Damien lilikuwa dole gumba, peke yake. Sisi wafugaji, muntu akikupa ng'ombe unasimama, unamutaja mbele ya watu, na tangu siku ile ukiapa unaapa kwa jina yake. Dole gumba unamupa muntu aliyekuambia mvua itanyesha. Kabera akangoja siku tatu, akatoka mu grupe. Ku ndoa ya binti wa shangazi yenu Murekatete, hakuna aliyemusalimia Damien.

Sikilizeni sasa. Ile dole niliibonyeza mimi.

Muficha uchi hazai, na mimi huu nimeuficha sana. Siku ile Damien alienda kulima, akaacha telefone ku kitanda. Gentille alikuwa amenifundisha kufungua sauti, na mimi nilikuwa na maswali mengi: sauti ya muntu inakaa wapi kabla uifungue? Vile vialama viwili, nani anavipaka rangi ya buluu? Nikasikia Kabera, nikalia kwa furaha. Kisha nikaona kale kadole, nikakabonyeza nione kama katafika kweli. Kakafika, nikacheka peke yangu.

Mangaribi ile risasi ikalia, tukakimbia, juma nzima bila rezo ya telefone. Tuliporudi Kabera alikuwa ametoka. Wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini kidole changu kiliangusha nyumba nzima. Damien aliangalia telefone, akaniangalia mimi, akaelewa. Akaambia watu, "Ni mimi." Akamupigia Kabera mara na mara, hakushika. Na mimi nikanyamaza, nikiogopa watu wacheke mama muzee anayecheza na telefone. Damien, mwanangu, nimekukosea. Ninaona haya. Unisamehe mbele ya wadogo yako.

Ngojeni... maji kidogo.

Telefone si mubaya, musiitupe. Lakini muntu akiwatendea mema, museme jina yake, museme kile alichowapa, na kile kimewafanyia mu nyumba. Pumzi yenu isikike. Hata sasa ninajiuliza, nikishaenda, hii sauti itabaki wapi? Mungu akiniruhusu nimuulize, nitamuuliza.

Itumeni kwa Murekatete, aifungue mbele ya Kabera, asimuambie ni nani anasema.

Kabera, ni mimi Athanasie, muke wa kaka yako. Mutamba wako alifika. Amezaa. Leo asubuhi nimekunywa maziwa yake, njo maana ninaweza kusema haya. Ninaapa kwa Kabera aliyenipa ng'ombe... mutoto hakukosa. Alinibebea.

Mungu awabariki, Damien, Gentille, Yves. Muzae, mufuge, mupatane. Damien, leta mukono... hapo.

Gentille, unafanya nini? Usikate ile kukohoa. Itume hivi hivi. Usingoje nipumuzike, itume.