Kisima Kilichopungua Nusu Mita

Fungeni huo mlango mkae, maana ninayotaka kusema si ya kusikiwa na wapangaji. Wewe binti yangu, mkubwa wa nyumba hii, njoo huku upande wa kichwa, na wewe mdogo wake acha kusimama dirishani kama askari wa zamu, vuta kigoda. Daktari amewaambia koridoni alichowaambia, nami nimekisoma nyusoni mwenu, kwa hiyo tusidanganyane. Pumzi iliyobaki ni kidogo, na sitaki iishie kwenye kukohoa.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, sawa kwa sawa, na hati yake iko ndani ya bati la biskuti juu ya kabati. Najua nikishaondoka mtajenga ukuta katikati ya sebule, msinikatalie, nimewalea nawajua. Basi mkiujenga, uwekeni mlango, hata kama utakaa umefungwa. Mwiko wangu, timazi na pimamaji mgawane mtakavyo. Ila ile tepu ya kupimia iliyo chini ya godoro msigombanie, itupeni, na sasa nawaambia kwa nini.

Miaka thelathini na mmoja iliyopita tulikuwa kanisa moja. Wewe binti ulikuwa unasuka nywele za wenzako kwenye ngazi za kanisa, na huyu alikuwa bado anabebwa mgongoni na mama yenu. Wazee wakanipa kazi ya kujenga kisima cha ubatizo ndani ya kanisa, tuache kuazima cha watu, na nikamchukua fundi wangu wa lipu, ambaye leo ni marehemu baba mkwe wako, binti yangu. Tulikuwa tukila sahani moja. Tepu yangu ilikuwa imekatika mwanzoni, nusu mita nzima haipo, na kila nikipima ilinibidi nipitilize nusu mita mbele. Kazi zote nilikuwa nakumbuka. Siku ile ya kuchora msingi wa kisima nilikuwa nabishana na dereva wa mchanga, kichwa kimechemka, nikapima mita mbili kama tepu ilivyosema. Kumbe nimepima moja na nusu.

Sikujua mpaka tulipoweka vigae, maboksi mawili yakabaki. Fundi wa lipu aliingia kwenye kisima kikavu, akalala chali, magoti yakamfika kidevuni, akanitazama kutoka chini akasema, "Bosi, humu tutabatiza wa chekechea." Tukacheka mpaka machozi. Kisha tukanyamaza, kwa sababu zege lilikuwa limeshakamata na uzinduzi ulikuwa Jumapili. Mama yenu jioni ile aliniambia, "Sema tu umekosea kipimo, nani atakufa?" Nikamwambia nitasema.

Jumapili akaingia wa kwanza, yule mwenye bucha, mtu mrefu. Mchungaji akamlaza chali kama tulivyozoea sote tangu kuokoka kwetu, na kisogo chake kikagonga vigae, kanisa zima tukasikia. Waliofuata mchungaji akawapigisha magoti na kuwainamisha mbele, kifudifudi. Watu wakaanza kunong'ona, na baada ya ibada wazee wakaitisha kikao wakaniuliza mbele ya wote, fundi, mbona kisima kifupi?

Wanangu, jibu lilikuwa mdomoni. Maneno mawili tu, "nimekosea kupima," nikanywe chai, Jumatatu nibomoe. Badala yake nilisimama nikasema nimekijenga hivyo kwa makusudi, kwamba mtu huenda kwa Mungu akiinama, halali chali kama anayepunga upepo. Nilisema kwa sauti nzuri. Akatokea mmoja akasema amina, wakaitikia kumi, na wengine wakasema huo ni uzushi, na fundi wangu wa lipu akanitazama tu, akinisubiri niseme kweli, na mimi nikajitia hamnazo. Alinifuata nyumbani. Hakunitukana, aliniomba. Nikamwambia yeye ni mtu wa kupaka lipu, Maandiko atayajulia wapi. Hapo ndipo nilipomwagia mchanga chakula chetu.

Wiki ya tatu akaondoka, na familia ishirini na sita wakamfuata, wakasali kwenye ghala la magunia mpaka walipojenga la kwao na kisima chao kirefu. Wetu chao wakakiita jeneza. Wao chetu wakakiita karai. Ilianza kama mzaha, halafu ikawa si mzaha, ikawa aliyebatizwa kule hajabatizwa, na asiyebatizwa hashiriki meza ya Bwana, na asiyeshiriki huolewi naye. Binti yangu, ulipoolewa na mwana wa fundi wa lipu wakakuzamisha upya, na mimi baba yako nikakaa nyumbani siku ya harusi yako nikichonga mpini wa nyundo ambao haukuwa umevunjika. Mama yenu alipokufa, mwanangu, uliwakataza watu wa dada yako kuimba, nao wakasimama nje ya uzio na mvua ikiwanyeshea. Dada yako alikuwa analia kwenye matope, na mimi, mwenye tepu, nilikuwa nimeshika mwavuli.

Usitikise kichwa, mwanangu, homa hainisemeshi. Najua kitabu chako. Kurasa arobaini, na sura ya tatu yote umeeleza kwa nini kisima cha kweli kina mita moja na nusu. Umeitafuta maana ya hiyo nusu katika Maandiko na umeipata. Nilikisoma kwa miwani ya mama yako, nikaona aibu mpaka nikasikia baridi. Na wewe binti, baba mkwe wako hakukuambia, sivyo? Nilidhani amewaambia wote. Miaka yote nikikutana nanyi sokoni nilikuwa nainamisha uso nikidhani mnajua. Kumbe alikufa na siri yangu, na angeitoa angelimaliza kanisa letu kwa siku moja. Nilikwenda hospitali kumwomba radhi, nikamkuta mashine imemziba mdomo. Alinishika kidole hiki. Sijui alimaanisha nini.

Mnafikiri sijajaribu kurekebisha? Mwezi uliopita nilimwita mchungaji wetu nikamweleza yote, tepu, dereva wa mchanga, vigae. Akanipapasa bega akasema, basi Mungu aliiongoza hata hiyo tepu. Nikamwita wa kule, naye akafurahi kweli, akasema ushahidi umepatikana, sasa nikubali kubebwa nikazamishwe sawasawa kabla sijafa. Mimi huyu, mgongo umejaa vidonda vya kitanda. Nikajua basi, imeshakuwa kubwa kuliko mimi. Uongo ni wangu lakini haunitambui tena.

Kwa hiyo shikeni maagizo. Nilitaka mkae benchi moja siku ya kunizika, na sala iwe moja. Jana niliwaomba, kila mtu peke yake, na wewe ukasema uko tayari mradi mchungaji wako ndiye aongoze, na wewe ukasema neno lilelile. Sawa. Saa tatu asubuhi waje watu wa kanisa letu na mwanangu, waombe, waimbe, waondoke. Saa saba waje wa binti yangu. Wa kwanza wasitupie udongo wote, wawaachie wenzao. Katikati hapo kaburi litakaa wazi, na sipendi kukaa peke yangu, mnajua tangu zamani. Mwombeni yule mlinzi wa makaburi avute kiti. Yeye hana kanisa.

Nipeni maji. Taratibu... Inatosha.

Sasa njooni niwabariki. Magoti hapa, bega kwa bega, kila mmoja chini ya mkono mmoja. Mungu aliyenivumilia awe... Mbona mmesimama? Mwanangu, huyu ni dada yako, aliyekuosha miguu ukienda shule. Binti yangu, wewe ndiye mkubwa, sogea wewe basi. Sogea. Mikono inachoka, wanangu, siwezi kuiweka hewani.

Haya.

Haya, basi mmoja mmoja. Aanze dada. Wewe ngoja koridoni, baba, ila usiende mbali, maana huu mkono... sijui kama utanyanyuka mara ya pili.