Kilo za Sindano

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka binti wa miaka kumi na sita, mkimbiaji wa mita mia nane. Wenzake walimwita Sindano, kwa jinsi alivyopenya katikati ya watu kwenye kona. Miaka kumi na sita tu. Baba yake ameniomba nisiseme yote. Mama yake ameniomba nisiache kitu. Nitamsikiliza mama.

Baba ana mashine ya kusaga. Mtaa mzima unakula unga wake. Pale mlangoni ipo mizani ya magunia. Kila asubuhi, kabla ya shule, Sindano alipanda hapo, viatu mkononi, na baba akaandika kilo ukutani kwa chaki. Arobaini na nane. Arobaini na tano. Arobaini na moja. Mtu mzima huyu aliamini mtoto akipungua, mbio zinaongezeka. Hakuambiwa na kocha. Alijiambia mwenyewe.

Mama ni fundi cherehani. Aliipunguza sketi ya shule mara tatu, muhula mmoja.

“Baba watoto, safari ijayo nipunguze nini, mifupa?”

“Wewe shona. Mbio niachie mimi.”

“Mbio gani? Wewe ukipanda ngazi unapumua kama hiyo mashine yako!”

Wateja walicheka. Baba naye alicheka. Sahani ya mtoto ikabaki ileile: mboga na maji.

Miezi mitano binti hakupata hedhi. Ndiyo, nalisema redioni, msikunje uso. Mama akampeleka zahanati. Daktari alisema wazi: moyo unapiga taratibu mno, mtoto ana njaa, mlisheni, asikimbie kwanza. Baba akajibu, “Baada ya fainali.”

Asubuhi ya fainali, Sindano aliuliza, “Baba, nikishinda, nitakula mkate?”

“Ukishinda, mwanangu, utakula mpaka useme basi.”

Wasikilizaji, alishinda. Alikata utepe, akapiga hatua tatu, akaanguka. Hakuinuka tena. Moyo ulisimama.

Mama, pole. Pole sana, dada yangu. Baba, pole na wewe. Najua ulimpenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Wazazi mnaonisikia, wengine mna mwanariadha humo ndani. Mtoto anayekimbia anahitaji kula kukuzidi wewe unayekaa. Akikuuliza kama anaruhusiwa kula, usimjibu. Mpakulie.