Wilfred Entwistle na Mguu wa Terry Aspinall

Ndugu, majirani, na ninyi mliovaa skafu za klabu juu ya nguo nyeusi, habari mtakazosikia ni za Wilfred Entwistle, na anayewasomea ni binti yake Maureen, kwa sababu mdogo wake Ronald amesema hawezi kufika mwisho wa karatasi bila kulia.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1938 hapa Harle Clough, mtoto wa nne wa wafumaji Harold na Nellie Entwistle, akasoma shule ya kanisa hadi alipotimiza miaka kumi na mitano, walimu wakamuaga kwa furaha, kama alivyopenda kusema, kisha akaingia kiwanda cha nguo, na ni huko alikopata ile sauti yake, kwani penye mashine mia tatu za kufuma mtu asiyepiga kelele hapewi hata chumvi.

Alifunga ndoa na Edna Pilling Jumamosi ya tarehe 10 Juni 1961, mwezi ambao bibi harusi hakuuchagua, ila bwana harusi alikataa katakata kuoa ligi ikiendelea, wakajaliwa Maureen mwaka 1964 na Ronald mwaka 1967, huyu akipewa jina la Ronnie Duxbury, beki wa kushoto wa Harle Clough Town, na Mama alipouliza kwa nini asipewe jina la babu yake, alijibiwa, "Babu yake alimkaba nani?"

Kiwanda kilipofungwa mwaka 1979 akawa dereva wa basi hadi alipostaafu mwaka 2003, lakini kazi yake ya moyoni ilikuwa ni kuwakumbuka mabeki, na kila abiria wa kiti cha mbele alimjua Alf Tattersall aliyeshonwa kichwa wakati wa mapumziko akarudi kupiga mpira kwa kidonda kilekile, na Dougie Kerr aliyevua meno ya bandia na kumkabidhi refa kabla ya kuanza, na hao wa leo wanaovaa glavu aliwaambia kupitia televisheni, "Nenda kwa mama'ko akakupashie maziwa!"

Lakini wa kwanza wao wote alikuwa Duxbury, na siku ya kwanza kati ya zote ilikuwa Jumamosi, tarehe 16 Novemba 1974, marehemu akiwa mahali pake kwenye ukuta mfupi kando ya mstari, Maureen wa miaka kumi ameketi juu ya ukuta huo, pale winga wa wageni, kijana wa miaka kumi na tisa aitwaye Terry Aspinall, alipompita Duxbury mara mbili, na marehemu akapaza sauti, "Mlaze, Ronnie! Huyo asirudi kwao kwa miguu!", na mpira uliofuata Duxbury alimwingia kwa miguu yote miwili, mguu wa kijana ukavunjika pawili, asicheze tena maishani.

Kisa hicho marehemu alikihadithia baa, kazini na kwenye harusi za watu kwa miaka thelathini na mitano, akiongeza huku na kupunguza kule, watazamaji wakapanda kutoka mia na kitu hadi elfu kumi, tukacheka sote, Mungu atusamehe, mpaka hata yeye hakujua tena lipi lilitokea na lipi alilitunga.

Mwezi Februari 2009 fundi alikuja kutengeneza mtambo wa maji moto nyumbani, mtu mzima anayechechemea, marehemu akamwekea chai na kumpa kisa chote kwa vitendo, mguu hewani, na fundi akamsikiliza hadi mwisho, akapandisha suruali, akasema, "Mzee, mguu wenyewe ni huu," kisha akamaliza kazi, akanywa chai yake, akaondoka.

Tangu siku hiyo marehemu hakukisimulia tena, alimwandikia Bwana Aspinall barua nne zisizojibiwa, na kila Alhamisi alipanda basi kwenda nyumba ya wazee alikolazwa Duxbury, ambaye akili yake ilikuwa imekwisha kuondoka, akamuuliza swali lilelile, "Ronnie, siku ile ulinisikia?", naye Duxbury akamjibu kwa upole, "Mechi saa ngapi, bwana?", hadi Duxbury alipofariki mwaka 2014.

Mapafu yalianza kumsumbua Septemba mwaka huu wa 2017, akalazwa tarehe 20 Oktoba, akafariki Jumanne tarehe 7 Novemba saa nne asubuhi, mikononi mwa Maureen, ambaye jana yake aliulizwa, "Mo, wewe ulikuwepo. Alinisikia?", akamjibu, "Kelele zilikuwa nyingi, Baba, hata mimi sikukusikia," na marehemu akafumba macho akasema, "Afadhali."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, majirani walioleta vyakula hadi tukakosa pa kuviweka, madereva wenzake waliobeba jeneza, na Bwana Terry Aspinall, ambaye hatukumtegemea, na ambaye ameketi kule nyuma karibu na mlango.

Kwa ajili yake msomaji hawezi kuikunja karatasi hii bado. Bwana Aspinall, hakukuwa na kelele. Ilikuwa mechi ya timu za pili, mvua inanyesha, watu hatukufika mia mbili, na sauti ya Baba ilivuka uwanja mzima, watu wa upande wa pili wakacheka. Duxbury aligeuka akatutazama, akainua dole gumba, ndipo akakufuata. Nami nilipiga makofi.

Nenda ukapumzike, Baba. Nilikudanganya ili ulale, na hili lililobaki nitalibeba mimi.