Wasifu wa Mama Pindo, Aliyekatazwa Kufunga Dirisha

Ndugu, jamaa na majirani, poleni kwa msiba, na asanteni kwa kuja kutushika mkono. Mimi ni kifungua mimba wa marehemu. Shangazi alinisihi niupoze wasifu huu kabla ya kuusoma. Nimeupoza. Mtakachosikia ndicho kilichobaki.

Marehemu mama yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pindo, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1956 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, ambako baba yake alikuwa mlinzi. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la saba mwaka 1970. Kisha alijifunza ushonaji kwa miaka miwili. Mwalimu wake alisema binti huyu ana mkono mwepesi na mdomo mzito.

Alishona sare za shule katika kiwanda cha nguo hadi kilipofungwa, ndipo akaweka cherehani yake barazani. Jina la Mama Pindo alilipata kwa sababu hakuvumilia kuona pindo limefumuka, hata la mtu asiyemjua. Siku ya ndoa yake, tarehe 15 Desemba 1979, aliona suruali ya bwana harusi imefumuka mguuni. Alimkalisha kwenye kiti, akatoa sindano kwenye pochi, akashona huku wageni wakisubiri. Baba husema siku ile alioa. Waliokuwepo wanasema aliolewa.

Mwaka 2021 manispaa ilipitisha sheria ya muda ya kuratibu ujenzi wa makazi yanayotunza mazingira. Miezi kumi na minane tu, tuliambiwa. Nyumba yetu kuukuu ilibomolewa, ikajengwa mpya ya matofali ya udongo wa kushindiliwa, na tangi la maji ya mvua. Nisiseme uongo, kuta ni nzuri na mama alizipenda. Lakini chumbani mwake, juu ya kitanda, waliacha dirisha la hewa lisilo na kioo wala ubao. Chumba ni chembamba, kitanda hakienei kwingine. Na kwa kuwa nyumba yetu ndiyo ya kwanza mtaani, iliitwa nyumba ya mfano. Ilikuwa marufuku kugusa chochote mpaka sheria iishe, la sivyo hati ya nyumba haitoki.

Mjomba, kaka wa mama, ni seremala. Alichonga ubao wa dirisha lile wiki ileile tuliyohamia. Ubao ukakaa nyuma ya mlango kusubiri kibali. Ofisi ya nyumba ilisema hilo ni la mazingira. Mazingira wakasema ni la mipango miji. Mipango miji wakasema sheria yenyewe ni ya muda, vuteni subira. Sheria ililetwa ili ofisi hizo zielewane, na zilielewana kweli, katika kutuzungusha. Kisha ikaongezewa mwaka. Ikaongezewa mwingine.

Mama akashona pazia la turubai. Ofisa mratibu wa sheria hiyo alilishusha, kwa kuwa kuna wageni walikuwa wanakuja kupiga picha. Walipita na viatu chumbani mwa mtu mzima. Mmoja alivuta pumzi, akasema, "Mama, hapa unafaidi hewa."

Mama, shuka imemzunguka hadi shingoni, akamjibu, "Nafaidi, mwanangu. Inaingia yote, haibakizi."

Kwenye ratiba mliyoshika pameandikwa kwamba aliugua kwa muda mfupi. Pafuteni. Miaka mitatu mfululizo, baridi ikianza na yeye anaanza kukohoa, na mvua ya upepo ikilowesha godoro. Mwezi uliopita kifua kilibana. Daktari alisema ni nimonia, akatuuliza mgonjwa analala wapi. Tulipomweleza, hakuandika kitu. Mama alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa tano asubuhi, katika wodi ya wanawake, baba akiwa amemshika mkono. Nina hasira, na mtu asije kuniambia ni kazi ya Mungu. Mungu hakulitoboa dirisha lile.

Marehemu ameacha mume, dereva mstaafu wa gari la maji, watoto watatu, wajukuu watano, kaka mmoja, na sketi nne za wanafunzi ambazo hazikuwa zimepindwa. Wenyewe njooni mzichukue, nimezimalizia.

Jana ofisa mratibu alituletea shada la maua. Alituomba pia nyumba ibaki ilivyo mpaka mwisho wa mwezi, sheria itakapokwisha. Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, baba alishikilia ubao, mjomba akapigilia misumari. Bwana ofisa, nakuona hapo nyuma, karibu. Ukitaka tulifungue, tuletee barua yenye mihuri ya ofisi zote tatu. Nasi tutasubiri.

Mama, dirisha limefungwa. Lala.