Kola ya Darasa la Kwanza

Kaeni, wanangu, nyote wawili, na wewe mshairi zima hiyo simu, maana ninayosema leo sitayarudia, pumzi yenyewe naivuta kwa kuibembeleza. Hebu niinueni kidogo. Basi, basi! Mimi si gunia.

Mali yangu haijazi mkokoteni: nyumba hii, cherehani, na kifurushi cha karatasi ninazokatia nguo. Nyumba ni yenu wote. Cherehani ni ya dada yako. Nasikia umewaahidi watu wa makumbusho wakaiweke ndani ya kioo, eti cherehani ya mama wa mshairi. Dada yako atashonea nini, meno? Ulimuuliza? Wewe huulizi watu, unawaandika tu. Mimi mwenyewe ulishaniua kitabuni, nikafa na wimbo mdomoni, mpaka mwalimu mmoja akaja hapa kutoa pole ya kifo changu huku namtilia chai. Kuimba! Kutwa nzima nina pini mdomoni, niimbe na nini?

Hayo nimemeza. Hicho kifurushi ndicho kimenikaa kooni miaka ishirini na sita.

Unalikumbuka shairi lako lililopotea. Ulikuwa kijana, ukaliacha juu ya meza yangu ya kukatia, uliporudi halipo, ukamgeukia baba yako. Kweli alikuwa akikucheka, akisema mashairi hayainjiki sufuria jikoni, lakini majirani wote wakisikia ukamwambia, "Umelichoma, mzee, na mimi na wewe basi!" Ukaondoka. Akaugua, hukuja. Akazikwa, ukaja umechelewa, ukasimama nyuma kabisa na miwani yako nyeusi. Kisha ile nusu uliyoikumbuka ukaichapa, na sasa wasomi wananijia na madaftari kuniuliza ule ukimya unaokata shairi katikati una maana gani.

Maana yake ni kola, mwanangu.

Nilikuwa na sare za shule za watoto arobaini, karatasi ngumu imeniishia, na kusoma sijui. Nikaona karatasi nzuri imelala mezani kwangu, nikatia mkasi. Kola ya duara, ya kupimia kitambaa, saizi ya darasa la kwanza. Vipande vilivyobaki nikawashia jiko. Nyinyi mkigombana, mimi nilidhani shairi hukaa kwenye daftari, nikawa nainua godoro kulitafuta! Mwaka mmoja baada ya msiba dada yako akaigeuza ile kola, akaona mwandiko wako, akataka kukuita siku hiyo hiyo. Nikamwambia thubutu! Baba yenu hayupo, wewe ndiyo kwanza umeanza kuja tena nyumbani, niliogopa utaondoka tena, na mimi unizike hivyo hivyo, kutoka nyuma. Basi dada yako usimguse kwa neno, alinyamaza kwa amri yangu. Kosa ni langu, na marehemu amelibeba bure.

Usilie, unanimalizia hewa. Nipeni maji... Ahsante.

Sasa fungua kifurushi. Hiyo yenye tundu la msumari, imelainika kama kitambaa. Mwisho wa shairi lako huo, dada yako alinisomea. Kesho nenda kaburini kwa baba yako, kwa miguu, bila mpiga picha. Mwambie, "Baba, hukuchoma." Kisha msomee lote, mwanzo hadi mwisho. Safari hii hana pa kukimbilia.

Nilazeni. Radhi zangu mnazo, sawa kwa sawa, msivutane. Mungu awape mikono isiyotetemeka, na macho ya kutunga uzi mpaka uzeeni... Mkasi wangu usikatie karatasi tena, ni wa nguo... Mshairi, uko wapi? Sogea. Nakili maneno yako, lakini karatasi mrudishie dada yako. Shule zinafunguliwa Jumatatu, na hakuna kola inayokaa shingoni kama hiyo...

Irudishe, mwanangu. Usiikunje.