Rahab Mukami na Mwanamume wa Ndani ya Simu

Hakuwa na shahada. Hakuwa na ofisi. Hakuwa na gari, wala baiskeli. Hakuwa na mume wa kumwambia leo pumzika. Mwishowe hakuwa hata na macho ya kuona tundu la sindano, naye alikuwa fundi wa nguo. Na kule Naitiri kulikuwa na mzee mmoja aliyesema kwamba mwanamke huyo hakuwa na haya pia.

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Rahab Mukami wa Kibomet, mjini Kitale. Rahab aliwasaidia wazee wenye macho hafifu, kutoka Kitale hadi Bungoma, kusikiliza vitabu kwa simu. Si kwa kubonyeza. Kwa kusema tu. Mzee anaamuru kwa mdomo, simu inatii.

Dada yake, Wamboi, alitueleza ilivyoanza. "Presha ya macho ilimnyang'anya cherehani," alisema. "Akakaa hapo mlangoni amenuna. Halafu akasikia kuna simu inasoma kitabu ukiiongelesha. Wah! Tukakosa amani. Anaifokea kama kuku ameingia jikoni."

Alipoizoea, Rahab hakutaka kusikiliza peke yake. Alitafuta simu kuukuu kwa mafundi wa mjini, akajaza vitabu vya kusikiliza, akazitia kwenye mfuko wake wa vitambaa, akaondoka. Kanisa moja lilimwalika, na jingine likafuata. Ndivyo alivyofika Naitiri, huko Bungoma, kwa Nanyama, Mama Wangila.

Yule mzee niliyemtaja ni mume wa Nanyama. Jina lake ni Walubengo. Ametukubalia tuyaseme haya hewani kwa sharti moja: tusipunguze kitu. Sababu yake mtaiona.

Walubengo alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya ngumbaru, jioni baada ya jembe. Mwalimu wao, Wakhungu, aliwasimamisha waseme "rudi" na "lala", tena na tena, mpaka ndimi zao zikaacha kubadilisha ra na la. Nanyama hakupitia mikononi mwa Wakhungu. Alisoma shule ya msingi tu, akapenda vitabu, akajisomea mwenyewe mpaka ukungu ulipomwingia machoni. Tangu hapo, kila alasiri baada ya kukamua, Walubengo alimsomea. Alivaa miwani na koti. Hapo ndipo alipojiona mwanamume kamili.

Riwaya waliyoipenda ilimhusu Nyambu, mke wa karani wa reli. Walubengo alivyoisoma, Nyambu anagombana na mumewe, anafunga mzigo, anafika langoni, anarudi, anapika. Mwisho.

Ndipo Rahab akaja na simu yake. Sauti iliyotoka mle ilikuwa ya mwanamume. Nzito, laini, sauti ya mtu aliyeshiba. Nanyama akatabasamu. Walubengo aliliona tabasamu lile. Alilijua. Lilikuwa lake.

"Huyu ni nani ameketi kati yetu?" akauliza.

"Ni msomaji tu, mzee," Rahab akajibu.

"Msomaji hapa ni mimi."

Nanyama akajaribu kuiamuru. "Enderea," akasema.

"Samahani, sijaelewa," simu ikajibu.

"Ludi."

"Samahani, sijaelewa."

Walubengo akacheka mpaka akashika kiuno. "Mama Wangila, bwana yako mpya hajui lugha ya kwenu!" Kisha akarekebisha koti, akainama, akasema vile Wakhungu alivyomfundisha: "Endelea." Simu ikasoma.

Rahab akafurahi. Aliona mama amepata msaidizi nyumbani. Hakujua amemkabidhi fisi bucha.

Kwa maana Rahab alipowaachia simu na kuondoka, kila sauti ile ilipoanza kunoga, mzee alisema, "Simama." Na ikishasimama, Nanyama hakuwa na la kuifanya isome tena.

"Mbona umesimamisha?"

"Ng'ombe analia."

"Ng'ombe gani? Si tumekamua?"

"Basi ni wa jirani."

Rahab aliporudi, Nanyama akamweleza yote. Rahab akamgeukia mzee. "Mzee, wivu ni wako, lakini masikio ni ya mama."

"Ati mimi nionee simu wivu?"

"Si simu. Huyo wa ndani."

Nanyama akaangua kicheko. Kicheko kile kilimchoma mzee kuliko maneno.

Wasikilizaji wapendwa, Rahab hakumwambia Nanyama anyooshe ulimi. Alisema, "Ulimi wa mama hauna kosa. Kosa ni la aliyechagua maneno." Wakaketi wawili, wakatafuta maneno yasiyo na ra wala la. Wakapata matatu: Soma. Ngoja. Nyuma. Fundi wa Kitale akayaingiza kwenye simu. Ni maneno hayo hayo wazee wengi wa Bungoma wanayoyatumia leo. Soma. Ngoja. Nyuma.

Na Nanyama akasema, "Soma."

Walubengo alikuwa zizini akikata majani ya ng'ombe. Aliisikia ile sauti ikimsomea mkewe habari za Nyambu, bila mtu wa kuizuia. Alimsikia mkewe akicheka mahali ambapo yeye hajawahi kumchekesha. Kisha akamsikia akisema, "Ngoja."

"Baba Wangila! Hebu kuja hapa."

Akaenda na panga mkononi.

"Nyambu hakuludi," Nanyama akasema. "Aripanda gari ra moshi. Akafungua duka. Hakuludi kupika."

"Labda hiyo ni chapa nyingine."

"Miaka hiyo yote urikuwa unanisomea kitabu, ama urikuwa unanisomea wewe?"

Walubengo alituambia, "Nilidhani akisikia kuna mlango, ataufungua." Alipomwambia mkewe hivyo, mkewe alijibu, "Hata macho yaripokuwa mazima sikuenda, bana."

Lakini hakumrudishia kazi ya kusoma. Simu iliendelea. Na kila Rahab alipokuja kuongeza vitabu, Walubengo alikunywa chai yake jikoni na kuku, asimsalimie.

Mwezi uliopita Rahab Mukami alifariki kwa ugonjwa wa sukari. Alizikwa nyumbani, Kibomet. Walubengo hakwenda. Alisema barabara ni mbaya.

"Kama huendi, reta karamu," Nanyama akamwambia. "Tumwandikie dada yake."

Akaketi, akavaa miwani na koti. Nanyama akamtajia la kuandika: "Dada yako arinipa vitabu vizima."

Kalamu ikasimama kwenye neno "vizima".

"Andika, Baba Wangila. Na huyo mtu wake anasoma vizuli kushinda mume wangu."

"Hiyo ni lazima?"

"Ni kweri. Na useme mume wangu atawafundisha wazee wengine hapa Naitiri yare maneno matatu."

"Mimi nimesema hivyo lini?"

"Umesema sasa hivi. Andika."

Wasikilizaji wapendwa, pole zetu ni kwa Wamboi, kwa ukoo wote wa Mukami, na kwa wazee wa Kitale na Bungoma ambao wiki hizi wanabaki kurudia vitabu vile vile, kwa sababu hakuna anayewaletea vipya. Nawe unayesikiliza, mtazame mtu unayemsomea nyumbani, iwe barua, iwe karatasi ya daktari. Yeye haoni unachoruka. Unamsomea yote?

Barua ilipokwisha, simu haikuweza kusoma mwandiko wa Walubengo. Nanyama akakunja mikono mapajani.

"Soma," akamwambia mumewe.

Akasoma. Alipofika pale pa yule mtu kumshinda kusoma, akarekebisha miwani. Angeweza kuparuka. Mkewe asingejua. Akapasoma.

"Ngoja," Nanyama akasema.

Akangoja.

"Nyuma."

Walubengo akavuta pumzi, akarudi nyuma, akapasoma tena, neno kwa neno, ra na la zikiwa mahali pake. Kisha akalamba gundi ya bahasha, akaifunga, akaibana kwapani ndani ya koti, akaipeleka posta yeye mwenyewe.