Kuanguka Kwangu Wakati wa Injili

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mnivumilie, nitasema nikiwa nimekaa kitini, na sababu yake mtaisikia.

Mnanifahamu. Mimi ni seremala wa hapa Kisarawe, na benchi nyingi mnazokalia nimezipiga randa mwenyewe. Nilikuwa mzima. Kisha jasho likakoma. Wenzangu wamelowa chapachapa kwa kupasua mbao juani, mimi shati kavu na kichwa kinawaka moto. Haja ndogo ikawa mateso. Mambo ya ndoa nayo yakanitupa mkono, na hayo siyasemi zaidi, watoto wamo humu. Usingizini nilipiga mateke na kufoka, hata mke wangu akahamia chumba cha watoto.

Halafu nikaanza kuanguka kanisani. Desturi yetu mnaijua: nyimbo tunaimba tumekaa, mahubiri tunasikiliza tumekaa, lakini Injili ikisomwa wote tunasimama. Mimi nikisimama tu, shingo inauma, macho yanaingia giza, naenda chini. Jumapili ya kwanza mlinipepea. Ya tatu mkaanza kunong'ona. Mzee wetu wa kanisa, mtu mwema kabisa, akasema mbele ya wote, "Kuimba anaimba vizuri. Injili ikianza tu, chini! Huyu ana pepo."

Nami nilimwamini. Ndugu zangu, hilo liliniumiza kuliko kuanguka kwenyewe.

Nikatengwa na meza ya Bwana. Ikapangwa siku ya kuniombea. Vijana wawili wenye nguvu wakanishika makwapa, nisimame wima mpaka sura ya Injili iishe, ili pepo asipate mwanya wa kulala. Kila nilipolegea waliniinua. Nikatetemeka mwili mzima, nikajikojolea mbele ya mama mkwe wangu. Nilipozinduka sakafuni nilisikia mkishangilia kwamba pepo ametoka. Jumapili iliyofuata nikaanguka tena.

Nikakimbilia Misugusugu kwa dada yangu mkubwa, Mwanaidi, aliyebaki katika Uislamu nilipobatizwa. Nilikusudia nifie huko, nisionekane tena. Siku ya tatu tulikuwa tumemaliza kula mkekani. Niliinuka ninawe, nikaanguka. Nilipopata fahamu nikamwambia, "Dada, niache. Nina pepo asiyeivumilia Injili."

Akaniuliza, "Mdogo wangu, hapa kwangu nani kasoma Injili?"

Nikacheka, kisha nikalia sana. Mimi na nyinyi, watu wa kusoma vitabu, muda wote ule hatukuliona jambo hilo.

Dada akanipandisha lori hadi hospitali ya mjini. Daktari akanifunga mkononi mpira wa kupimia msukumo wa damu nikiwa nimelala, kisha akanisimamisha akapima tena. Dresa, msaidizi wake, akanitafsiria: "Ukisimama damu yako inashukia miguuni, na mwili hauipandishi. Mishipa ya fahamu inayofanya kazi hiyo inakufa. Hili si pepo." Akaniagiza nile chumvi zaidi, niinue kichwani pa kitanda kwa matofali, nisiinuke ghafla. Dawa ya kuponya hana. Akaongeza kwamba wengine wa namna yangu amewaona, baada ya miaka, mikono ikatetemeka, hatua zikafupika, na akili ikapotea kidogo kidogo.

Mkono huu wa kulia umekwisha kuanza. Randa siwezi kuishika sawasawa.

Kwa hiyo sikuponywa, na sitawadanganya mbele ya Mungu. Nilifunguliwa katika jambo jingine. Niliamini kwamba Bwana amenitema, na kumbe hakunitema hata siku moja. Mzee wa kanisa alikuja nyumbani kwangu, akalia. Nilimsamehe. Nimerudishwa mezani, namshukuru Mungu, na namshukuru dada yangu. Wewe uliyeambiwa kwamba Mungu amekukataa, mtumaini yeye mwenyewe, usiwategemee wanaomsemea.

Nanyi nawaomba jambo moja. Iko siku nitafoka humu ndani, au nitamwita mke wangu kwa jina la marehemu mama, na nyuso zenu sitazijua. Siku hiyo msinishike makwapa. Nileteeni mkate na divai hapo nilipo, mnitajie jina langu.